Malalamiko ya Kumi

Nyumba ya wageni, mbele ya stesheni
4 Februari

Kwa mpwa wangu Kiherehere,

Salamu nyingi. Mimi mzima, mguu umetulia, na mawe yangu ya kupimia yamefika salama, yote ishirini na mawili. Najua mama yako atauliza kwa nini sipigi simu. Mwambie dada yangu kwamba simu ni ya kupeana habari za msiba. Mtu mwenye hasira za kutosha huandika.

Na hasira ninazo. Benki yenu imenidhalilisha.

Nimeshuka kwenye treni saa tatu asubuhi, nikafanya kama ulivyonifundisha mwenyewe mwaka ule ulipoajiriwa: "Mjomba, ukiingia mji mgeni usikimbilie kulipa kitu kikubwa. Anza na kidogo, uone mashine yao ni nzima." Nikanunua kitana. Kadi ikapita. Nikavuka barabara, nikaomba chumba cha wiki nzima, nikatoa kadi. Binti wa mapokezi akaiingiza kwenye mashine, akasubiri, akaitoa, akaifuta kwenye sketi, akairudisha. Kisha akasema kwa sauti iliyowafikia hata waliokuwa wanakunywa chai kule nyuma: "Mzee, kadi yako imezuiwa. Wanasema ni tuhuma za wizi."

Mimi! Miaka thelathini na moja nazunguka kukagua mizani za watu ili mnunuzi asiibiwe hata punje, leo naitwa mwizi na kitana changu mkononi. Nikapiga simu benki. Kijana mmoja akataka nimtajie jina la mwalimu wangu wa kwanza. Nikamwambia tulimwita Fimbo. Akasema jibu si sahihi. Nikamwuliza, kwani wewe ulikuwepo?

Saa sita nzima nimekaa juu ya sanduku la mawe pale mapokezi mpaka walipoifungua. Sasa nakuomba jambo moja. Ulizia huko ndani ni bwege gani aliyetunga hiyo kanuni. Simfanyi kitu. Nataka kumtazama usoni tu.

Mwambie mama yako nimenunua kitana kingine. Atacheka, maana anajua kichwani kwangu hakuna cha kuchana.

Mjomba wako,
Fundi Mizani


Ofisini, wakati wa mapumziko
12 Februari

Shikamoo Mjomba,

Barua yako nimeisoma mara tatu, na mama ameisoma kwa sauti mbele ya majirani. Pole sana. Nimeumia, na sisemi hivyo kukupoza.

Naomba nikueleze kidogo kwa nini benki ina wasiwasi. Siku hizi kuna watu wanabandika kidude kwenye mdomo wa mashine ya kutolea pesa. Ukiingiza kadi, kile kidude kinanakili ule ukanda mweusi wa nyuma. Wao wanaenda kutengeneza kadi pacha na kuitumia mji mwingine, mwenyewe yuko nyumbani anaosha vyombo, hana habari. Akija kushtuka, akaunti nyeupe. Mwezi uliopita tumempokea mwalimu mstaafu aliyesafishwa kiinua mgongo chote, Mjomba. Alikaa kwenye kiti changu akawa anarudia neno moja tu, "Lakini kadi ninayo." Kazi yetu, watu wanane na vioo vinane vya kompyuta kwenye chumba kisicho na dirisha, ni kuwatofautisha pacha na msafiri wa kweli. Ukilegeza, wanaibiwa. Ukikaza, unamkalisha Mjomba juu ya sanduku.

Akaunti yako siwezi kuigusa, sheria inakataza kushika ya ndugu. Wala siruhusiwi kusema mitego yetu ikoje, tumeapa. Ila naomba kitu, na usiniulize sababu: mji unaofuata, lipa chumba kwanza. Kitana baadaye.

Mimi naendelea. Nilikuwa sijakwambia kwamba Mama Miwani, mkuu wa kitengo, amenipa kazi yangu mwenyewe ya majaribio, miezi mitatu. Ikifaulu nathibitishwa hapa juu. Wasafiri halali wakileta malalamiko kumi ya maandishi kabla haijaisha, inafutwa, na mimi narudi ghorofa ya chini kupokea simu kama yule kijana wako. Mpaka leo yamefika saba. Niombee.

Kuhusu yule bwege, ujumbe nimemfikishia.

Mpwa wako,
Kiherehere


Zahanati ya juu mlimani
20 Februari

Mpwa wangu,

Ndiyo, wamenifungia tena.

Ushauri wako sikuufuata, na sitakuficha. Kwenye kazi yangu huwezi kuanza na jiwe kubwa. Unaanza na dogo, unaangalia mshale, unapanda taratibu. Anayeanza na jiwe kubwa huvunja mizani ya watu na hajifunzi kitu. Ulinifundisha vizuri mara ya kwanza, sasa unataka kunipotosha kwa sababu gani usiyoweza kuitaja? Nilishuka, nikanunua kitana, nikaenda dirisha la basi la mlimani. Tuhuma za wizi.

Safari hii sicheki. Basi lile hupanda mara mbili tu kwa wiki. Nimefika zahanati siku tatu baada ya siku niliyoahidi. Nikaweka jiwe kwenye mizani ya watoto wachanga, waliyoihamisha siku ile niliyotarajiwa, ikazidisha. Si sana, robo kilo. Lakini kwa mtoto wa kilo nne robo ni nyingi, na muuguzi hapa anapima dawa kwa uzito. Aliposikia alikaa chini, akavuta daftari, akaanza kwenda ukurasa kwa ukurasa kuangalia ni nani aliyepewa zaidi katika siku zile tatu. Walikuwa wawili. Ametuma watu kuwafuata, wameletwa, wazima, wananyonya kama kawaida. Lakini ule uso wake alipokuwa anapekua, sikupenda kuuona.

Kwa hiyo nimefanya ninachopaswa kufanya. Nimemwandikia Mkuu wa Kitengo cha Kadi, barua rasmi, imesajiliwa posta. Nimeeleza yote. Nimeomba mambo mawili: kanuni ifutwe, na aliyeitunga atafutwe na aondolewe kazini. Mtu wa namna hiyo hafai kukaa karibu na mizani ya aina yoyote.

Wewe usijali, jina lako sikulitaja.

Mjomba,
Fundi Mizani


Nyumbani
1 Machi

Shikamoo Mjomba,

Nashukuru Mungu watoto ni wazima. Nisalimie muuguzi ukimwona tena.

Leo sina mengi. Nataka kukuuliza jambo la kazi yako. Unajuaje mizani imekosea kiasi cha kukataliwa? Kila mizani inakosea kidogo, uliwahi kuniambia nikiwa mdogo. Sasa unachora mstari wapi? Na je, mstari ni mmoja kwa mizani zote?

Nijibu mapema tafadhali, hata kama ni nusu ukurasa.

Mpwa wako


Ghala la mahindi, kando ya reli
8 Machi

Mpwa wangu kipenzi,

Nusu ukurasa! Umeniuliza swali ambalo hakuna mtu wa ukoo huu aliyewahi kuniuliza, halafu unataka nusu ukurasa. Nimewaacha vibarua wapumzike, nimekaa juu ya magunia, nakuandikia. Kama umechoka na benki sema. Leseni yangu naweza kukurithisha.

Mstari si mmoja, na hilo ndilo kosa la wanafunzi wote. Mizani ya sonara ikikosea uzito wa punje tatu za mchele naikataa. Hii ya ghala ikikosea nusu kilo kwenye magunia kumi naipa stika ya ukaguzi na tunaagana vizuri. Ukiipima ya ghala kwa sheria ya sonara utafunga maghala yote na watu walale njaa. Ukimpima sonara kwa sheria ya ghala, utakuwa umempa kibali cha kuiba. Kwanza uliza: hii ni ya nani, na inafanya kazi gani?

La pili. Kila mizani ina faili lake. Kabla sijaigusa nasoma ilivyokuwa mwaka jana, na mwaka juzi. Kuna mizani ya bandarini imekuwa ikivuta kushoto tangu nimeanza kazi. Mgeni akiiona atapiga kelele. Mimi naijua, ndivyo ilivyo, inavuta kiasi kile kile kila mwaka. Siku ikiacha kuvuta kushoto, hapo ndipo nitashtuka. Nitajua kuna mtu ameigusa.

La tatu, usiifunge mizani kwa sababu umeitilia shaka. Muulize mwenyewe kwanza. Mara nyingi atakwambia, aa, fundi, juzi tuliihamisha. Swali moja, dakika moja, na biashara inaendelea. Kufunga ni kwa yule asiye na jibu.

Nimefurahi, mpwa wangu. Hata mguu hauumi leo.

Mjomba wako,
Fundi Mizani


Nyumbani
17 Machi

Shikamoo Mjomba,

Kaa chini kabla hujasoma.

Bwege ni mimi.

Kanuni iliyokufunga mara mbili niliitunga mimi. Wezi wa kadi pacha huanza na kitu kidogo, kiberiti, soda, wapate kujua kama kadi bado ina uhai, halafu wanarukia kikubwa. Niliwatazama mwaka mzima mpaka nikaliona hilo, na nililiona mimi kabla ya watu wote mle chumbani, nikajiona mjanja. Nikaandika: mji mgeni, kitu kidogo, halafu kikubwa ndani ya saa moja, funga. Sikukumbuka kwamba kuna mtu mmoja duniani niliyemfundisha kufanya hivyo hivyo kwa mdomo wangu. Barua yako ya kwanza ilipofika nilijua. Sikusema. Nilijificha nyuma ya kiapo, na kiapo kilikuwepo kweli, lakini hata bila kiapo nisingesema, kwa sababu niliona aibu.

Kuna baya zaidi. Barua za malalamiko hufunguliwa na mimi. Yako ilifika tarehe 26 Februari. Ilikuwa ya kumi. Niliutambua mwandiko wako kwenye bahasha, Mjomba, nikaiweka kwenye droo, chini ya sanduku la chakula. Ikakaa siku mbili. Nilijiambia namtafutia Mama Miwani wakati mzuri. Siku ya tatu nilimkumbuka muuguzi na daftari lake, nikaitoa na kumpelekea. Nikamwambia ni ya mjomba wangu, na ilikaa kwenye droo yangu siku mbili.

Mama Miwani aliisoma taratibu. Akasema makubaliano ni makubaliano, na kanuni ikafutwa siku hiyohiyo. Kwa hiyo hii ninayokuandikia si siri tena. Nikamwomba nafasi moja zaidi. Akasema una nini? Nikasema bado sina, nipe siku kumi na tano. Ndipo nikakuandikia lile swali.

Barua yako ya ghalani nimempelekea vilevile, pamoja na kanuni mpya. Maneno yake sasa ninaruhusiwa kukwambia kwa kifupi: kila kadi inapimwa kwa faili lake yenyewe, si kwa faili la watu wengine. Aliyeingiza kadi yenye chipu na namba ya siri, akafanya kama anavyofanya siku zote, anapita. Anayepitisha ukanda mweusi mahali ambapo chipu ingesomeka, na kwa mtindo usio wa mwenyewe, hafungiwi papo hapo. Malipo yanasimama kidogo, na mwenye kadi anaulizwa kwa meseji.

Amenipa mpaka mwisho wa Aprili. Likija lalamiko moja tu la haki, nashuka ghorofa ya chini. Na siku mbili za droo zimeandikwa kwenye faili langu mwenyewe.

Nisamehe. Kama hutaki kujibu nitaelewa.

Mpwa wako,
Kiherehere


Nyumba ya wageni, mji wa soko
25 Machi

Mpwa wangu,

Nilikaa chini kama ulivyosema, na sikuinuka haraka.

Nimekasirika siku nzima. Halafu nikajiona mimi mwenyewe nikiwasomea wapangaji wenzangu mezani, wiki nzima, jinsi yule bwege anavyopaswa kufukuzwa, na wao wakinipigia makofi. Nikaona haya. Nikachukua karatasi, nikamwandikia mkuu wako kwamba nayafuta malalamiko yangu yote. Nikafunga bahasha, nikaenda nayo mpaka posta, nikapanga foleni.

Nilipofika dirishani nilirudi nyuma. Nimeichana.

Usinielewe vibaya. Nikikuta mizani imekosea halafu nikaipa stika kwa sababu ni ya binti wa dada yangu, basi miaka yangu thelathini na moja yote naitupa mtaroni. Mizani yako ilikosea. Watoto wawili walipata dawa kupita kiasi kwa sababu nilichelewa, na nilichelewa kwa sababu yako. Malalamiko yangu yalikuwa ya kweli siku niliyoyaandika na ni ya kweli leo. Siyafuti, hata kama yatakushusha ghorofa. Nalia ninapoandika hivi, lakini siyafuti.

Ninachofuta ni neno "bwege". Hilo tu. Mtu anayeitoa barua kwenye droo akijua ni ya kumi si bwege.

Kadi nitaendelea kuitumia. Miji minne imebaki kabla sijastaafu, na kila mji nitafanya kama ninavyofanya siku zote. Ikikosea, nitaandika.

Mjomba wako anayekupenda,
Fundi Mizani


Ofisini
13 Aprili

Mjomba!

Mama Miwani ameniruhusu kukuandikia haya, na ameniambia niache kurukaruka mle ndani.

Jana saa nane na dakika kumi mchana kadi yako ililipa chumba katika mji ulipo. Chipu, namba ya siri, kitana dakika ishirini kabla. Saa nane na dakika kumi na nne kadi yako hiyohiyo ikatokea kwenye duka la vyombo vya umeme, mwendo wa siku moja na nusu kutoka hapo, inataka televisheni tatu. Ukanda mweusi. Moja kwa moja kwenye kikubwa, hata kiberiti haikugusa.

Mimi sikuruhusiwa kuigusa, ni ya ndugu. Nilisimama nyuma ya mwenzangu, mikono mgongoni kama mtoto aliyeadhibiwa. Mashine iliachia chumba chako kipite. Ikazisimamisha zile televisheni. Ikakutumia meseji: "Je, ni wewe? Jibu NDIYO au HAPANA."

Mjomba, mashine inajua maneno mawili tu. Wewe ukajibu: "Hapana, na kwa heshima zote, televisheni tatu ni za nini kwa mtu mwenye chumba kimoja, tena cha kupanga?" Ikashindwa kuelewa, ikamtupia mwenzangu aisome kwa macho. Alicheka mpaka akavua miwani. Kisha akabonyeza, na malipo yakakataliwa. Dukani waliambiwa waishike ile kadi, na wameishika. Aliyeileta alikimbia akaiacha na mfuko wake, na ndani ya mfuko kulikuwa na pacha kumi na nne za watu wengine. Wote kumi na nne tumewapigia jana hiyohiyo. Hakuna aliyekuwa amepoteza hata senti.

Kadi mpya utaletewa hapo ulipo kesho kutwa. Ile ya zamani ikate vipande.

Mpaka leo, hakuna lalamiko. Siku kumi na saba zimebaki. Sipati usingizi, lakini nala vizuri.

Mpwa wako,
Kiherehere


Kitengo cha Usalama wa Kadi
2 Mei

Ndugu Mteja,

YAH: MALALAMIKO YAKO YA TAREHE 20 FEBRUARI

Rejea barua yako tajwa hapo juu. Samahani kwa kuchelewa kukujibu. Tulitaka kukujibu tukiwa na jibu.

Malalamiko yako yalikuwa ya haki. Kanuni uliyoilalamikia imefutwa. Tumeiandikia zahanati barua ya kuomba radhi kwa muuguzi, ambayo alistahili kuipata mapema zaidi.

Kanuni iliyochukua nafasi yake imefanya kazi hadi tarehe 30 Aprili. Katika muda huo hatukupokea lalamiko lolote kutoka kwa msafiri.

Kuhusu ombi lako la pili, kwamba aliyetunga kanuni ya awali aondolewe kazini, tunasikitika kukujulisha kuwa limekataliwa. Mhusika amethibitishwa kazini katika kitengo hiki kuanzia jana. Iwapo hukuridhika na uamuzi huu, unayo haki ya kukata rufaa kwa maandishi ndani ya siku thelathini.

Wako katika huduma,
Mkuu wa Kitengo


Nyumba ya wageni, mji wa mwisho
9 Mei

Mpwa wangu,

Barua ya mkuu wako imenifikia. Nimewasomea wapangaji wa hapa mezani, kwanza matusi yangu ya zamani, kisha hiyo barua. Wamepiga makofi mara zote mbili, hawana msimamo. Mwambie mkuu wako sikati rufaa.

Nilifika mji huu jana. Nikafanya yangu kwanza kama kawaida, nikaingia nyumba ya wageni na ile kadi mpya. Njiani nilikuwa nimetayarisha hotuba. Unajua tena, mwili umeshazoea: nikitoa kadi tu, maneno yanajipanga yenyewe mdomoni. Binti wa mapokezi akaingiza kadi, mimi nikavuta pumzi nianze. Akaitoa. Akasema, "Tayari, mzee, chumba namba sita."

Nilibaki nimesimama pale kaunta. Akadhani sijasikia, akarudia. Nikamwambia, "Huyo ni mpwa wangu." Akageuka kutazama mlangoni, hakuona mtu, akaniuliza ni yupi. Nikamwonyesha mashine.

Mjomba wako,
Fundi Mizani